Nilimfunga mama mkono na uzi wa kiondo baada ya kuumwa na puff adder

Wakuu, salamu kutoka upande wa Nuu, Kitui.

Nianze na ujinga wangu kabla mtu mwingine aueleze vibaya. Mama aliumwa na nyoka mkononi, na mimi, mtu mzima mwenye certificate ya form four, nikachukua uzi wa katani aliokuwa akisukia kiondo, nikamfunga juu ya kiwiko kama nafunga gunia la makaa.

Sitaongeza chumvi. Sister yangu anamsomea mama hii thread kwa simu, na wote wawili wananijua.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sister aliolewa Kabati, nikabaki na mama, mbuzi na kuku. Watu huniuliza kama naogopa dunia. Naiogopa, ndiyo.

Asubuhi hiyo mama aliingiza mkono kwa mabua ya mahindi awape mbuzi. Akautoa haraka. Hakupiga nduru. Alisema tu, "Kuna kitu hapa," na puff adder ikajivuta ikaenda zake.

Nikafunga ule uzi. Kisha nikaanza kutafuta wembe nimchanje, sumu itoke na damu. Ndivyo nimeona watu wakifanya tangu utoto.

Jirani yetu, Mama Kalondu, alifika kabla niupate. Kanisa lao liliwahi kuletewa watu wa first aid, na yeye hakusinzia.

"Wewe, unataka kuua mkono ndio nyoka ipumzike?" Akakata uzi hapo hapo. "Mkalishe, asitembee. Pigia mtu wa Probox alete gari. Na hiyo pete itoke sasa, mkono utafura."

Hapo ndipo kulikuwa na kazi. Pete ni ya ndoa. Baba alimvalisha, baba akaenda, na sijawahi kuona hicho kidole kikiwa tupu.

Mama akakunja ngumi. "Nilizika baba yako nikiwa nayo."

Nikapiga magoti hapo kwa mavi ya mbuzi. "Mwaitu, nipatie nikushikie tu. Ikibaki, watakuja kukata pete ama kidole."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Huwa namwita hivyo nikitaka kitu, na anajua. Alinitazama sana. Kisha akafungua mkono.

Sabuni na maji, pole pole, ikatoka. Nikaivaa kwa kidole changu cha mwisho isipotee.

Tulifungia mkono kwa kipande cha ubao na leso usichezecheze. Tukapiga simu kwanza kuuliza ni hospitali gani iko na dawa ya sumu ya nyoka, maana si zote huwa nayo. Njiani kichwa chake kilikuwa kwa mapaja yangu, na mkono unafura tukiutazama.

"Pete iko?"

Namwonyesha. Baada ya kona mbili anauliza tena.

Alitibiwa, akalazwa, na mkono ukabaki. Aliyekwama ni mimi. Pete ilikataa kutoka, nurse akanipaka jelly na kuvuta mpaka ikatoka, huku akiniita mgonjwa wa pili. Mama akacheka na drip yake. Nilitoka nje kidogo. Vumbi ya Kitui huingia macho, mnajua.

Nilichojifunza: usifunge kamba, usichanje, usinyonye sumu. Toa pete na bangili mapema, mgonjwa atulie, hospitali haraka. Sasa namba ya dereva na ya hospitali ziko ukutani, na mkebe wa biskuti una bandeji, gloves na torch.

Nyinyi mnaweka nini nyumbani? Hata watu wa Makueni mnaojifanya wajanja huko Kikima, semeni. Mkimaliza kunicheka.

Na mgonjwa? Kidole kimoja bado ni kigumu, lakini kinakunjika. Jana alitaka kukata sukuma, nikamnyang'anya kisu, nikamwambia akae tu. Mama Kalondu alikuwa amesimama mlangoni akituangalia.

"Nyoka iliuma mkono, haikuuma akili. Rudishia mama yako kisu, watu wako na njaa."