Nyumba ya Magogo ya Tata

Eee ninyi bote benye tulikomalia pamoja mu Kamina, benye mulikulaka mapera mabichi mpaka tumbo inalia sawa ngoma, mukaribie! Na weye pale nyuma, weka telefone mu mufuko. Leo nabaelezea vile tata yangu alijengaka nyumba ya magogo.

Wakati yetu, mwenye kujenga alikuwa anachimba kiulu, ile kichuguu ya muchwa, anafyatula matofari, anachoma. Tata yangu hapana. Yeye alikuwa mukataji wa miti ya makala, mwenye shoka moja, na mudomo yake ilikuwa mukali kupita ile shoka. Siku ya kumuoa mama, pombe ya munkoyo ikamupanda ku kichwa, akasimama mbele ya bakwe: «Nitamujengea mutoto wenu nyumba ya magogo mazima! Tembo akiigonga, ni tembo njo atalazwa ku hospitali!»

Bote balicheka, isipokuwa nkambo, mama ya mama. Ule aliishika ile maneno sawa unashika kuku.

Miaka ikapita. Tukazaliwa batoto batano, na nyumba hapana. Tulikuwa tunalala mu kikoni, nyumba ya kupikia ya yaya ya tata, ndugu yake mukubwa, tumepangwa sawa samaki ndakala mu kikapu: mumoja akigeuka, bote tunageuka. Asubuhi unaamuka na mafusho mu pua, unakula mihogo na kalanga, unakimbia ku masomo. Tulikuwa na furaha, minyi sisemi bongo, ni kweli. Lakini mama, hapana.

Kipwa moja, ile wakati ya baridi na vumbi, nkambo akakuya kutoka Bukama na kikapu ya samaki ya kukauka ku kichwa. Harufu ya ile samaki ilifika ku lupango, kiwanja yetu, nusu saa mbele yake. Sasa munajua bukwe yetu shiye Baluba: mwanaume na mukwe wake, mama ya bibi yake, habaangaliani macho, habakuli pamoja, na mumoja akiwa mu nyumba, mwengine hawezi kuingia. Basi nkambo akamupa tata mugongo, akasema na mbuzi yetu: «We mbuzi, mwambie ule muntu: mvua ya kwanza ikikuta mutoto wangu angali mu kikoni ya bantu, namurudisha Bukama, yeye na batoto bote.»

Tata, nyuma ya gunia ya makala, akajibu: «We mbuzi, mwambie mama: nyumba itasimama.»

Mbuzi ikaendelea kukula kamba yake. Mama akaanza kulia.

Kesho yake tata akaingia mu pori. Akakata magogo makumi na makumi, akayalalisha chini na maganda yake yote, akaenda kutafuta mawe. Kurudia, muchwa ilishapita. Tata akainua gogo na mukono moja, akafurahi, akafikiri amepata nguvu. Akaligonga: ngoo! Tupu. Muchwa ilikula ndani yote, ikamuachia maganda. Hakuna mwenye alicheka. Akaangalia shoka yake, akasema tu: «Ingali na meno.» Akarudia mu pori.

Mara ya pili, shiye batoto njo tulitoa maganda na panga na vidole, utomvu inatushika mpaka ku masikio. Tata akababua magogo ku moto, tukayapakala mafuta ya kuchafuka ya lori. Tulikuwa beusi mpaka mwalimu akatuita majina ya bengine. Magogo tukayapandisha juu ya mawe, ukuta ukapanda, ukafika ku kifua ya tata. Njo ukaanguka, bwaaa! Kuku ya Kamina yote iliacha kutaga mayai siku tatu. Sababu tata alikuwa anakata kona na macho tu, bila kupima.

«We tata-magogo,» jirani wa matofari akasema, «unajenga ao unapanga kuni?»

Mama njo alisimama. Akapangusa machozi, akatoa kamba ku kikapu yake, akafunga mafundo, akapima kila gogo yeye mwenyewe. «Hapa. Kata hapa. Hapana pale, HAPA!» Kuanzia ile siku, kona zikakamatana sawa meno ya juu na ya chini. Siku ya kupandisha miti ya juu, majirani benye kucheka bakakuya bote kusaidia. Na nkambo, tulimuona anafungua kikapu yake, anapika samaki kwa kila muntu.

Bajeune, vijana ya sasa? Musumari ikipinda, mutoto wangu anaita muntu mu video amuonyeshe nyundo iko na kichwa wapi. Bako na nyumba ya bloki na malata, ile mabati, muzuri sana. Lakini ukiigusa ile ukuta, haukumbuki mukono ya muntu hata mumoja. Minyi, mpaka leo nikisikia harufu ya muti ya kubabuka, naona mama na ile kamba.

Basi, mvua. Ilikuya muchana, tata angali juu anafunga nyasi ya mwisho. Kila tone ilikuwa kubwa sawa chungu! Tukakimbia ndani, mama na batoto, nkambo mbele yetu bote. Tata akashuka, akafika ku mulango, akaona mukwe wake iko ndani. Akasimama. Mwenye kujenga kipwa yote, njo anabakia inje, maji inamupita ku kisogo mpaka mu kaputula. Akageuza mugongo, akapaza sauti: «Batoto! Muulize nkambo yenu: inavuja?»

Tukamugeukia nkambo. Mama alishikilia mutoto wa mwisho. Nkambo akapitisha mukono ku magogo, kona ku kona, akaangalia juu, akaangalia chini. Kisha akaikala katikati ya nyumba, akanyoosha miguu yake yote mbili:

«Mumwambie haivuji. Mutoto wangu anabaki. Na minyi pia nabaki!»