Niliyakataa Maziwa ya Yeyo

Nimekosa, jamani. Sitaki huruma ya mtu, nataka tu kulisema hili kabla halijanipasua.

Mimi ni mwanamke wa Endamarariek, hapa Karatu. Nina PhD ya magonjwa ya mifugo yanayoambukiza binadamu. Sokoni wananiita, "Daktari, karibu nyanya!" Daktari gani! Daktari asiye na kazi.

Ndoto yangu ilikuwa moja: kupata kazi ya utafiti kwenye chuo kikuu Uingereza. Kila asubuhi, hata chai sijanywa, niko kwenye tovuti zao za ajira. Wanataka mtu mwenye makala kwenye jarida kubwa. Yangu ilikuwa bado haijatoka.

Utafiti wa makala hiyo niliufanya bomani kwa Yeyo, mama wa Kimaasai upande wa Ngorongoro. Alinilaza kwake, akaniita binti yake. Wanawe walinishikia ng'ombe nikiwatoa damu ya kupima. Nikaahidi kwamba majibu yakitoka, wao ndio watakaoyasikia kwanza.

Yakatoka. Ng'ombe wa Yeyo walikuwa na brusela, ugonjwa unaowafanya watupe mimba, na binadamu huupata kwenye maziwa mabichi.

Nikanyamaza! Niliogopa habari zikienea, watafiti wengine wataniwahi. Nikajidanganya: makala itoke kwanza, kazi nipate, halafu nitarudi kuwasaidia vizuri. Kumbe roho ilikuwa Uingereza tu.

Siku chuo kimoja kiliponiita kwenye usaili wa mtandaoni, nilicheka peke yangu. Walitaka pia mfugaji mmoja azungumze nao kuhusu kazi yangu. Nikaenda kumwomba Yeyo.

Alifurahi huyo! Akanimiminia maziwa ya kibuyu kama zamani. Mkono wangu ukagoma.

"Nimeshiba, Yeyo."

Akanitazama sana. "Zamani wewe ulikuwa unamaliza, unaomba ingine. Leo unaogopa nini kwa maziwa yangu?"

Nikasema yote. Ndipo nikamwona mkwewe pale kitandani. Nilimwacha mjamzito, na sasa hakuwa na tumbo wala mtoto. Mimba ilikuwa imetoka. Labda ni brusela, labda siyo. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniua.

Yeyo alitoka nje akayamwaga maziwa chini. Sijawahi kumwona akimwaga hata tone.

"Ulijua," akasema. "Ulijua, na ukakaa nayo huko Karatu. Nenda ongea na Wazungu wako peke yako."

Kwenye usaili mzee mmoja wa jopo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wafugaji walipopata majibu, walifanya nini?"

"Walimwaga maziwa," nikajibu.

"Vizuri sana!" akasema. "Na yule mfugaji wako, tunaweza kuzungumza naye sasa?"

Nikafunga kompyuta nikalia. Kazi nikaikosa, na wala sikushangaa.

Makala imetoka sasa, ina jina langu juu. Haina faida yoyote kwangu.

Wewe unayehangaika na maombi ya kazi za ughaibuni, nisikilize. Kama umekalia majibu ya watu, yapeleke leo! "Chemsheni maziwa." Maneno mawili tu, jamani, nami yakanishinda. Nimerudi bomani kuomba radhi zaidi ya mara moja. Mbwa wanabweka, na hakuna anayetoka kuwakemea.