Kumtazama Kocha Machoni

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali huko Polandi, kocha aliponibakiza peke yangu uwanjani wenzangu walipokwenda kuoga. Mwanangu, kesho unapanda basi hapa Kasulu kuanza safari ya kucheza kikapu ng'ambo, na mimi niliyekufundisha kurusha mpira sina zawadi nyingine ya kukupa ila habari ya asubuhi ile.

Nilikuwa kijana mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu kule Murungu, Kibondo, na nilikuwa kwenye majaribio. Ijumaa ya wiki ile ningesaini mkataba au ningerudishwa nyumbani kulima maharage. Mama yangu, mjane, alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mchezaji wa Ulaya. Usingizi ulikuwa umenipaa.

"Nikikuelekeza unaangalia viatu," kocha akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu. "Nimechoka kuzungumza na nywele zako. Nitajuaje kama umesikia?"

Nilimjibu nikiwa bado nimeinamia viatu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu mzima hakodolewi macho. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," salamu yetu ya asubuhi, na macho yako yanabaki chini. Mzee yule akaniuliza:

"Kwa hiyo mwezi mzima ulikuwa unaniheshimu?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hapa niheshimu kwa macho."

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Nilipoinua uso machozi yalinitoka, nikajiona kama mtoto aliyewatukana wazazi wake. Lakini niliinua. Ijumaa nikasaini, na nikacheza huko hadi magoti yalipokataa. Siku zile nazitamani bado. Hata sasa nasikia raba zikilia kwenye sakafu ya mbao.

Likizo ya kwanza nilifika Murungu asubuhi, mama akiwa anaanika muhogo. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikasema, "Mwakeye, mama." Ila mazoea ya ugenini yalikuwa yameshaniingia, nikajikuta namtazama usoni. Nilipojishtukia na kutaka kuinama, akanishika kidevu kwa mkono wenye unga.

"Acha kwanza," akasema. "Tangu ukue sijayaona macho yako. Kumbe ni ya baba yako."

Tulikaa hivyo kwa muda. Mama sasa hayupo, na vikombe vyote nilivyoshinda havifikii asubuhi hiyo.

Basi, mwanangu, ukifika ugenini mtazame anayekufundisha, wala usione kwamba unamvunjia heshima mama yako. Ukirudi, chuchumaa upige makofi kama ulivyolelewa, usione haya kwa huo urefu wako. Halafu, kabla hujasimama, inua uso, umwache mama akutazame mpaka atosheke.

Mungu akulindie magoti, akufikishe salama, na akurudishe kwa mama yako angali anaona.