Wiki Bibi Alipopatia Michezo Yote

Juzi mchana, pale ofisini kwetu, vijana wawili waliacha wali wao upoe kwa ajili ya simu. Walikuwa wanajaza mkeka wa wiki, ile orodha ya mechi ambayo unabashiri nani atashinda, na safari hii haikuwa ligi yetu wala za Ulaya. Ilikuwa mpira wa Wamarekani, ule unaobebwa mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu kama waendesha pikipiki. "Dada, umebaki mchezo mmoja tu," mmoja akaniambia. "Taja mshindi yeyote, tuufunge." Nikacheka, nikasema sijui. Kisha nikainuka kwenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi, maana, rafiki yangu, machozi yalikuwa yananilenga, na ningeanza vipi kuwaeleza?

Ningeanzia Haneti, kijijini kwetu. Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi na bibi mzaa baba katika tembe lake, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa ambalo juu yake tulianika majani ya mlenda. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kwenda korongoni kuteka maji. Unafukua mchanga, unachuchumaa, unangoja maji yajikusanye, unayachota kwa kata polepole yasichafuke. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda mkavu, tukisikiliza kengele za ng'ombe wakirudi. Sitayapamba maisha yale, tulikuwa na shida zetu. Lakini nilikuwa na uhakika na jambo moja, kwamba bibi anajua. Alijua ng'ombe yupi atazaa lini, alijua mtoto yupi anadanganya, na zaidi ya yote alijua siku ya kupanda.

Mwaka ule chumba cha mwisho alikaa mwalimu kijana kutoka Marekani, aliyekuja kufundisha hesabu katika sekondari ya kata. Alikula mlenda bila kukunja uso, na alimwamkia kila aliyepita njiani "Mbukwenyi!" kwa sauti kubwa, hata kama ni mbuzi. Mpira wa kwao ulianza Septemba, wakati sisi tunafyeka mashamba na kuchoma mabua. Kila wiki alipanda kilimani kutafuta mtandao, akarudi na orodha ya michezo kumi na kadhaa, akaibandika ukutani. Yeye na wenzake waliobaki kwao walishindana kubashiri. Hapakuwa na zawadi, ilikuwa kutambiana tu. Alikuwa na daftari zima la mahesabu, na bado kila Jumanne matokeo yakija alikuwa wa mwisho.

Bibi akamhurumia. Siku moja, akiwa anapepeta uwele, alimwambia amsomee majina. Timu nyingi za kule zinaitwa kwa wanyama, na mwalimu akamtafsiria: tai wanawaendea dubu, farasi wanawaendea simba. Bibi hakuuliza nani ana nguvu. Aliuliza nani yuko kwao, nani ametoka mbali, na kama huko waendako kuna baridi. "Aliye kwao atashinda," alisema. "Mgeni hajalala vizuri, hajala chakula alichokizoea. Wewe mwenyewe ulipofika hapa ungeweza kupigana na nani?" Mwalimu akacheka, akaandika. Jumanne ile hakuwa wa mwisho.

Basi ikawa desturi. Mwenye duka, Mrangi aliyehamia kutoka Kondoa, alianza kuandika kwa chaki kwenye mlango wa duka ni mingapi bibi amepatia. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja. Watu waliokuja kununua chumvi walisimama kusoma, wakaenda nyumbani wakisimulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mpira huo, lakini tuliushangilia. Bibi alijifanya hajali, ila niliona siku za Jumanne alikuwa anavaa khanga mpya.

Mwanzoni mwa Desemba ikaja wiki ile. Michezo yote, rafiki yangu, yote, hakukosa hata mmoja. Mwalimu alishuka kilimani anakimbia, viatu mkononi. Mwenye duka alifuta bei ya sukari mlangoni apate nafasi ya kuandika. Na usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza.

Bibi alikuwa na kipimo chake cha kupanda. Mvua ikishanyesha alichimba shambani kwa mkono, na unyevu ukifika kwenye kiwiko, tunapanda. Usipofika, tunangoja nyingine, hata majirani wote wawe wameshapanda. Baada ya shangwe, asubuhi ileile, nilikwenda naye shambani. Alichimba, akatoa mkono, nikaona udongo mbichi umemfikia kwenye kifundo cha mkono tu, chini ya hapo ni vumbi kavu. Nyuma yetu walikuwa wamesimama watu wa kaya kama sita, akiwemo mama jirani na mtoto mgongoni. "Mama, tupande?" akauliza.

Bibi aliutazama mkono wake. Nami, kwa kimbelembele changu, nikasema kwa sauti, "Bibi hawezi kukosea!" Watu wakacheka na kupiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bibi alijifuta mkono kwenye khanga, akasema, "Pandeni."

Uwele ukaota, mzuri, mistari ya kijani kibichi. Kisha siku zikapita bila tone. Wiki ya pili majani yalijikunja, wiki ya tatu kwale walikuwa wanapekua mashamba matupu. Kila asubuhi bibi alisimama mlangoni akiangalia mashariki, na mimi sikuthubutu kumwangalia yeye. Nilikumbuka neno langu lile. Nililisema kwa furaha, na mpaka leo ninaona aibu nalo.

Mwalimu alileta orodha mpya kama kawaida, nadhani akitaka kumchangamsha. Bibi aliichukua, akaigeuza, akamrudishia.

"Mwanangu," alisema, "nikikosea mchezo wako, wale watu wanakunywa chai yao, wanalala. Nikikosea huu wangu, watoto wa watu wanalala njaa. Niliichanganya hii miwili."

"Bibi, ile ilikuwa bahati tu," mwalimu akasema. "Bahati yangu na yako."

"Ndiyo. Na mimi niliipokea kama akili."

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, alishusha kibuyu cha mbegu za akiba, ambacho hakikuguswa hata mwaka wa njaa. Tulizunguka nyumba zote sita, mimi nimebeba kibuyu, yeye amebeba kata ya kupimia. Kwenye kila mlango alisema maneno yaleyale: "Niliwaambia pandeni, nikakosea. Naomba mnisamehe." Hebu fikiri, mwanamke mwenye umri ule, aliyeamkiwa shikamoo na kijiji kizima. Mama jirani alikataa kupokea, akalia, akasema mvua ni ya Mungu. Bibi akamwambia, "Mvua ya Mungu, neno langu," akamiminia mbegu kwenye ungo wake. Tulipofika nyumbani kibuyu kilikuwa kitupu.

Mvua ilirudi Januari, ikanyesha vizuri. Mashamba ya wale sita yakasimama. Letu tulipanda kunde chache na maboga, na bibi akaona wazi kwamba chakula cha nyumba hakitatutosha wawili. Akaagiza shangazi yangu wa Miyuji aje kunichukua, nikasome mjini.

Tembe lile halipo siku hizi, pamejengwa nyumba ya bati. Duka lilifungwa. Mwalimu aliondoka mwaka uliofuata, na sikuwahi kusikia habari zake. Utabiri wa mvua siku hizi unakuja kwa ujumbe wa simu, na sijamwona tena mtu akichimba udongo kwa mkono wake kabla ya kupanda. Bibi alifariki kabla sijapata likizo ya kwanza. Namkumbuka sana, na ninapomkumbuka, namkumbuka asubuhi ile ya kuondoka.

Alinisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono, tukangoja gari pamoja na shangazi. Nilimwuliza, "Bibi, nitarudi lini?"

Akaniangalia usoni. "Sijui, mjukuu wangu," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo hata mara moja. Nikapanda gari bila kumuaga vizuri, nikamnunia njia nzima hadi mjini, kwa sababu niliamini kwamba anajua, ila hataki kuniambia.