Ujumbe Uliokosewa na Redio

Enzi zetu, mtu akitaka kukusalimu ilimbidi kwanza anunue stempu. Hilo peke yake lilipunguza salamu za unafiki. Stempu ilikuwa na gundi tamutamu kwa nyuma, na nyumbani kwetu Kaole tuligombania zamu ya kuilamba. Watoto wa leo hawaridhiki mpaka waletewe chakula na bodaboda. Sisi tulilamba picha ya twiga tukaenda kucheza.

Barua zilikuja kwa sanduku la shule, na mwalimu mkuu alisoma majina mstarini asubuhi. Kila bahasha aliinusa kwanza. Ikinukia poda, mwenyewe aliitwa ofisini.

Lakini kilichotutia wazimu hasa ni kadi za salamu. Ulinunua kadi dukani, ukajaza majina ya unaowasalimu, chini kabisa ukaweka ujumbe, ukaituma kwa posta mpaka redioni. Baada ya wiki tatu, au miezi mitatu, au basi tena, mtangazaji aliisoma nchi nzima ikasikia. Betri tulizianika juani tangu asubuhi kama dagaa, na saa ya salamu ikifika hata kukohoa kulihitaji ruhusa.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mama mdogo Zuhura, aliyeolewa Pangani. Kila likizo nilikwenda kwake, nikalala kitanda kimoja na binti yake Rehema, tukacheka mpaka tukafokewa. Bibi alipofariki, mbuzi yake ya kukunia nazi ikaonekana Pangani. Mama akasema imechukuliwa. Mama mdogo akasema alipewa. Wakaacha kuandikiana, na safari zangu zikaishia hapo. Nililia likizo nzima, na hakuna aliyeniuliza ninalilia nini.

Barua walisusiana, ila redio hawakuisusa. Mama aliniita niandike mimi, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mkono na mwandiko wangu ulisifiwa.

"Andika: Mimi Bi Tatu wa Kaole, Bagamoyo, namsalimu shoga yangu Mwanahawa wa Kerege, shemeji yangu Omari wa Ubena, na mdogo wangu Zuhura wa Pangani. Ujumbe: Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Ikasomwa. Mwezi uliofuata Pangani ikajibu, baada ya salamu nzuri kabisa za kututakia afya njema: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Majirani wakaanza kuja kwetu saa ya salamu, kila mtu na kigoda chake.

Kadi ya tatu mama aliifikiria siku nne. Kisha akanitajia ujumbe: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Niliogopa. Nilijua hiyo ikisomwa, Pangani sitaiona tena. Mkono ukaandika majina yote kama nilivyoambiwa, na ulipofika chini ukaandika: "Damu nzito kuliko maji." Nikalamba stempu, nikatembea hadi posta mjini, nikaitumbukiza. Nilijaribu kuingiza mkono niitoe. Sanduku la posta halikutengenezwa kwa majuto.

Wiki tano nilikula kidogo. Siku iliposomwa, mama alikuwa anachagua mchele, majirani wamejaa ukumbini. Mtangazaji akamaliza. Mama akaweka ungo chini, akaitazama redio, akanitazama mimi. Mimi nikatazama betri.

"Redio za siku hizi zinakosea sana," akasema, akaendelea na mchele wake.

Kadi ya kujibu haikuja. Alikuja mama mdogo mwenyewe, na mbuzi ya bibi ameifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na hiyo umeibeba ya nini, kwani hapa hatukuni nazi?"

Wakakumbatiana, wakalia mpaka wali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo. Aliporudi Pangani aliondoka na mbuzi yake, na mimi pia.

Mwaka ule ule mama akaniita tuandike kadi ya Idi. Tulipofika kwenye ujumbe akaweka kidole chini kabisa ya kadi. "Hapo," akasema, "andika ule uliokosewa na redio."

Sasa mimi ndiye mama. Binti yangu Samira na binti wa Rehema hawasemeshani mwezi wa tatu huu, kwa sababu ya picha ya harusi ambamo Samira alikatwa akabaki bega. Kila mmoja hapokei simu ya mwenzake. Wanatupiana mafumbo kwa stetasi, kisha wanayafuta kabla hujamaliza kusoma. Mimi na Rehema tunapigiana tu tukiulizana, "Vipi huko?"

Enzi zetu maneno yalipita mikononi mwa watu kabla ya kufika, na mikono mingine ilikuwa na huruma. Juzi Samira alikuwa anaswali Adhuhuri, simu kaiacha kitandani. Nikaichukua. Ujumbe niliujua tangu utotoni, ni maneno manne tu. Simu ikanidai kidole. Nikaweka changu, kile kile kilichoshika kalamu ya kadi.

Ikakataa.