Zamu ya Longino

Siku ile ndege walikuwa wachache na mama alikuwa amekaanga perege. Naikumbuka kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho nyumbani kwetu kuwa na amani, ile amani ya kijinga ya watu wasioulizana.

Tulikuwa kambini shambani, huku bondeni Michenga, katikati ya miaka ya tisini. Mpunga ulikuwa na maziwa, na huo ndio wakati kweleakwelea wanashuka kama waliopewa kadi ya mwaliko. Kuamia ndege si kazi ngumu, ila inachosha. Unakaa juu ya dungu, jukwaa la miti, mkononi una kamba zilizofungwa makopo shamba zima. Wakitua, unavuta na kupiga kelele mpaka koo likauke.

Mimi na kaka yangu Longino tulifundishwa na mama sheria moja kabla hatujaanza shule. Hushuki mpaka mwenzio apande na ashike kamba. Njaa ikuume, mvua ikulowanishe, hushuki. Anayekuja kukupokea akishashika kamba ndiye anakwambia, "Shuka ukale." Longino aliishika sheria ile kuliko mimi. Alikuwa hivyo kwa kila jambo, na mama alimpenda kwa hilo, tena waziwazi. Mimi nilipendwa kwa kilichobaki.

Tangu Longino afe vitani ilikuwa imepita miaka kumi na sita. Nilikuwa naamia peke yangu, mama akinipokea mchana tu nikale, na juu ya dungu nilikuwa naandika, kwenye daftari kubwa nililonunua Ifakara. Niliandika kwa sababu kusema kulinishinda. Niliwahi kumwambia padre kwenye kitubio. Alinipa Salamu Maria kumi. Kumi! Nilitoka pale na hasira kuliko nilivyoingia.

"Unaandika nini huko juu kila siku?" mama aliniuliza siku hiyo ya perege.

"Habari za Longino," nikajibu.

Mdomo wangu huu! Tangu hapo ikawa kila akishapumzika mchana na ndege wakapungua, nishuke nimsomee. Mama hakujua kusoma. Alimwita na jirani yetu wa shamba, Mama Yusta, wakatandika mkeka. Nikawasomea Longino alivyotoroka katekisimu kwenda kuvua, Longino alivyomkimbia kiboko akapoteza kaptula. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo sasa ndiye mwanangu!" alimwambia Mama Yusta.

Mwanawe mwingine alikuwa amekaa mbele yake, anamsomea. Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na mvi mbili, na bado iliniuma.

Kurasa zikasogea. Tukachukuliwa mgambo, tukapanda lori, mama akamvisha Longino rozari yake shingoni na mimi akanishika bega. Kila siku aliuliza, "Mmeshavuka mto Kagera?"

"Bado, mama."

"Mnavuka lini? Mwenzio nazeeka."

Nilianza kuandika polepole makusudi. Nikajaribu kuandika yale niliyomwambia niliporudi: kwamba Longino alikufa palepale, hakuteseka, na mimi nilikuwa mbali, kwenye kazi nyingine. Kalamu iliyaandika vizuri tu. Nikachana ukurasa. Siku mbili sikula vizuri. Nilijua nikisoma ukweli, kile kidogo mama alichonibakishia nitakipoteza. Nisiposoma, nitamsikiliza akicheka mpaka afe, na mimi ndiye mwongo anayemchekesha.

Mwishowe niliuandika ukweli. Siku niliyousoma, Mama Yusta alikuwa ameenda kliniki Ifakara. Nikasema, ni leo.

Niliyomsomea ni haya.

Tulikuwa tumechimba mahandaki nyuma ya shamba la migomba. Mbele, kama hatua mia mbili, palikuwa na shimo la mlinzi mmoja wa kuangalia barabara. Tulipokezana. Kamanda wetu alituambia wazi: zamu yako ikiisha na mwenzio hajaja, rudi uniambie. Na wenzetu wote walifanya hivyo.

Asubuhi hiyo ilifika barua kutoka nyumbani. Mama aliiandikisha kwa katekista. Longino alinipa niisome kabla hajaenda zamu, akitabasamu. Kurasa mbili. Mbuzi amezaa, mpunga umekubali, Longino mwanangu unakula nini, Longino usilale na nguo mbichi. Nikatafuta jina langu, Kasiani. Nikarudia mwanzo. Halikuwemo.

Saa sita mchana ilikuwa zamu yangu kumpokea. Sikwenda.

Nilikaa nyuma ya mgomba nikafunga kamba za viatu. Nikafungua, nikafunga tena. Nikajisemea, acha mwana wa mama akae na jua kidogo. Ni hayo tu niliyotaka. Akae na jua.

Akaniita. Aliniita kama tunavyoitana mashambani, kwa kuvuta, "Kasiii!" Nilimsikia vizuri sana.

Sikuitika.

Akaita mara ya pili.

Kisha mizinga ikaanza.

Kombora la kwanza lilipita. La pili likaanguka kwenye migomba, nikala udongo. Kila aliyekuwa nje ya mahandaki alikimbia kurudi. Niliwahesabu wakinipita. Longino hakuwemo.

Nikajua. Wenzangu wasingeelewa, ila mimi nilijua alichokuwa anasubiri.

Nilitambaa.

Nilipofika alikuwa amekaa, mgongo ukutani mwa shimo, damu imeshalowesha suruali yote. Bunduki ilikuwa imeelekezwa barabarani kama inavyotakiwa. Akaniangalia.

"Umekuja," akasema.

Akaiachia bunduki. Hakusema kingine. Ilichukua muda kabla hajafa, na muda wote huo nilimshika, na sikumwambia kwamba nilisikia akiita.

Hapo ndipo ukurasa ulipoishia. Nilifunga daftari. Mama alikuwa anaangalia shamba, na ndege walikuwa wameshatua upande wa mtoni, mimi na yeye tunawaona na hakuna aliyenyanyuka.

"Aliita mara mbili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa pia, Mungu anisamehe, kwa kusikia kwamba katekista alikosa karatasi, kwamba jina langu lilikuwa lije mwishoni. Miaka kumi na sita nilimtungia mama huo utetezi.

"Ile barua," akasema. "Nilikusahau, Kasiani. Sikufanya makusudi. Nilikusahau tu."

Akanyanyuka, akakunja mkeka, akaingia kibandani.

Asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, akiwa ameinamia moto. Nikapanda dunguni.

Mchana, kama kawaida, zamu ilikuwa yake. Jua likafika utosini. Hakuja. Kutoka juu nilikiona kibanda, nikamwona na yeye, amekaa mlangoni, mikono imelala mapajani. Hakuwa anapika. Hakuwa anachambua kitu. Alikuwa ananiangalia.

Nilitaka kumwita. Nikafumbua kinywa, nikakifumba.

Kweleakwelea wakaja kwa makundi. Nilivuta kamba, nikapiga kelele, nikavuta. Maji yangu yaliisha. Mgongo ulinichoma, macho yakaona nyotanyota. Ningeweza kushuka. Nani angenizuia, mtu mzima mimi? Mama Yusta alipita kwenye tuta akaniuliza, "Hee, Baba, leo hupokewi?" Nikamwambia nitapokewa. Akamwangalia mama kule mlangoni, akaniangalia mimi, akaenda zake.

Jua lilikuwa limeshainama upande wa milima ya Udzungwa nilipoisikia ngazi ikilia. Mama alipanda taratibu, magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alikaa kando yangu, akatweta kidogo. Akanyoosha mkono akaishika kamba, juu ya pale nilipoishika mimi.

Maneno yalinijia, yale ya Longino. Umekuja. Yalifika mpaka kwenye meno, yakakataa kutoka, kwa sababu Longino alistahili kuyasema na mimi sistahili.

Tuliendesha shamba lile miaka mingine minne, mpaka mama alipofariki. Hakuniomba tena nimsomee. Hakucheka tena kama alivyocheka kwenye mkeka, na kicheko kile mimi ndiye niliyekiua. Ila kunipokea hakuchelewa tena hata siku moja.

Siku ile ya kuchelewa, alikaa ameshika kamba. Nami sikuiachia. Ndipo aliposema.

"Shuka ukale."