Koki Hakupona

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tulipoketi ndani ya ukumbi wa kukodi, mimi na mama mmoja, tukamwona binti yake akicheka ukutani. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano. Akasema, kwa sauti ile yake ya kuita wateja sokoni, "Mimi nimepona. Niko sawa kabisa." Na sisi tulikuwa tumeshamzika.

Nakuambia haya kwa sababu umenitumia video kwenye simu ukaniuliza, "Shangazi, hii ya kutibu saratani ya titi kwa chembe za damu ya mtu mwenyewe, ni ya kweli?" Umefanya vizuri kuuliza. Lakini siwezi kukujibu kwa neno moja, wala siwezi kukujibu bila hasira. Nivumilie kidogo.

Wakati huo nilikuwa bado na nguvu zangu, nalima ndengu huku kwetu Kathonzweni na kufuga kuku. Uvimbe niliupata nikioga. Mdogo, mgumu, kama punje ya mahindi iliyojificha chini ya ngozi. Haukuniuma, kwa hiyo nikaupuuza mpaka dada yangu akanifokea. Nikaenda hospitali, nikapimwa, nikakatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka niliitwa ndani kwa daktari. Hata sikuketi vizuri. Akaniambia ni saratani, titi litatolewa, baadaye nitawekewa dawa ya kemo, nirudi wiki ijayo. Alikuwa akiandika akiongea. Nikamuuliza, "Daktari, sasa hiyo kemo inafanya nini mwilini?" Akasema, "Mama, kuna watu wengi nje." Akaita jina la mwingine.

Najua walikuwa wengi, niliwaona kwenye benchi. Lakini mtu akiambiwa atakatwa titi, apewe hata pumzi chache za kuuliza kwa nini. Yule daktari hakunidanganya kwa lolote, na bado alinisukuma mkononi mwa mwongo. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Jumapili iliyofuata mwanamke wa kanisani kwetu akaninong'oneza habari za kliniki moja, katika mji ulio kwenye barabara ya Mombasa. Huko, akasema, hawakati mtu, hawampukutishi mtu nywele. Nikaenda.

Wacha nikuambie ukweli: nilipokewa kama mgeni wa heshima. Nyumba imepakwa rangi nzuri, viti vya kulalia, chai. Bwana wa pale, mwenye koti jeupe, alinishika mkono na kuniita kwa jina, "Mama Nduku, karibu." Akachukua karatasi akanichorea. Ndani ya damu, akasema, kuna chembe za kinga, ni kama askari wa mwili. Saratani ni mjanja, inajificha wasiione. Kwa hiyo mtu anatolewa damu, askari wale wanakuzwa maabara mpaka wanakuwa jeshi, halafu wanarudishwa mwilini kwa dripu wakaitafute saratani. Nikaelewa kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu niambiwe naumwa, kuna mtu aliyeketi akanieleza ugonjwa wangu. Karibu nilie.

Koki alikuwa kwenye kiti cha pili, dripu mkononi. Alikuwa na duka la vitenge na sare za shule katika soko la Kwa Vonza, umri wake karibu na wa mtoto wangu wa kwanza, mcheshi wa ajabu. Alinichekesha kabla hata sijajua jina lake. "Dada, kaa," akasema, "hapa tunalelewa kama mayai." Tangu siku hiyo akaniita dada na mimi nikamwita Koki tu, na nilimpenda upesi, vile wagonjwa wanavyopendana.

Nilimuuliza yule bwana, "Na ya hospitali nitaendelea nayo?"

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapana, Mama Nduku. Kemo itaua askari wako. Upasuaji utatawanya ugonjwa. Chagua moja."

Hapo kidogo nikashtuka, lakini nilikuwa nataka sana kuamini. Nikamuuliza swali la mwisho, na sikulipanga, lilinitoka tu. "Ni nani mmeshamtibu saratani kama yangu akapona? Nimwone, nimuulize."

Akamwonyesha Koki kwa kidole. "Huyu hapa."

Koki akainua mkono ule usio na sindano. "Mimi!" akasema, akicheka.

Lakini Koki alikuwa amenieleza muda mfupi tu uliopita kwamba hiyo ilikuwa dripu yake ya pili. Uvimbe wake bado ulikuwa pale, alinionyesha mwenyewe tulipoachwa peke yetu, mkubwa kuliko wangu. Shahidi wa dawa alikuwa mtu ambaye dawa yenyewe haijamaliza kumwingia. Nikainuka nikachukua mkoba wangu.

Nilijaribu kutoka naye. "Koki, twende tukaulize hospitali pamoja. Tukiona hapa ndipo, tutarudi."

Uso wake ukabadilika. "Dada, shangazi yangu alienda huko. Nilimwona akipukutika nywele, akitapika, akafa. Mimi siendi kufa hivyo. Na hapa nasikia nafuu, naapa."

Nafuu aliisikia kweli. Alikuwa ameongelewa kwa upole, amelala vizuri, ameacha kuogopa. Nani asingesikia nafuu? Siku hiyohiyo walimpiga video akiwa na kitenge chake cha manjano, akisema amepona.

Mimi nikarudi hospitali, na safari hii nikakutana na daktari mwingine, msichana mdogo tu. Nilimwambia wazi nilikokuwa. Nilidhani atanicheka. Akavuta kiti.

"Mama, alichokuchorea si uongo," akasema. "Kuna wagonjwa wa saratani fulani za damu wanaotibiwa kwa chembe za kinga, katika nchi zilizoendelea. Kwa saratani ya titi bado wanasayansi wanajaribu. Kuna wachache waliosaidika, wengi bado, na yenyewe inaweza kuleta madhara makubwa, inataka hospitali yenye kila kitu. Uongo ni kusema tayari inaponya titi. Na uongo mkubwa zaidi ni kukwambia uache tiba nyingine."

"Sasa mtu akitaka kuwa kwenye hayo majaribio?"

"Anaelezwa kwamba ni majaribio. Anaambiwa hatari zake, anakubali mwenyewe, anaweza kutoka akitaka. Na jaribio la kweli halimfichi mgonjwa kwa daktari wake. Lakini wewe, mama, uvimbe wako tumeuwahi. Tunachojua kinafanya kazi tuko nacho hapa."

Nilikatwa titi. Nikawekewa kemo, nikapigwa mionzi. Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Nywele zilitoka, chakula kilinuka, kuna siku nilimlaani kila mtu nyumbani. Lakini niko hapa nakukemea, si ndiyo?

Koki tulipigiana simu. Mwanzoni alinisimulia dripu zake kama mtu anayesimulia sherehe. Baadaye akasema mgongo unamuuma. Aliwaambia kliniki, wakamjibu, "Hiyo ni dalili nzuri, askari wanapigana." Mwanangu, fikiria hilo neno. Maumivu ya mtu, mwili unapiga kelele kuomba msaada, halafu wewe unamwambia ashangilie! Alivumilia kwa sababu ya neno hilo. Uvimbe ulipopasuka ngozi ndipo mama yake akamkokota hospitali, na huko wakakuta ugonjwa umeshaingia mifupani. Waliweza kumtuliza maumivu, basi.

Aliuza nini kulipia zile dripu, sitakueleza. Kinachonichoma ni kitu kingine. Nilipoenda kumtazama, alikuwa amebaki macho tu. Akanishika mkono akasema, "Dada, waniondoe kwenye ile video. Kuna mwanamke wa Mwingi amenipigia kuuliza kama ni kweli nimepona. Nimemwambia hapana, akadhani ni mtu mwingine anaongea. Waambie wanitoe." Alikuwa amewapigia simu mwenyewe, hawakushika. Mama yake alipiga, hawakushika. Nilipiga mimi, wakashika, wakasema watashughulikia.

Tulimzika Kwa Vonza, nyuma ya nyumba ya mama yake. Na video ikaendelea kutembea. Watu walioshika udongo wa kaburi lake walitumiwa video hiyo kwenye simu zao, Koki akiwaambia yuko sawa kabisa.

Ndipo tukasikia wale watu wanafanya mkutano ule mjini, kuwaelezea wagonjwa tiba mpya, chai bure. Mama yake Koki, Mwaitu Wayua, akanipigia. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mimi nilimwita hivyo ingawa hatukuzidiana sana kwa umri. Akasema neno moja: "Twende."

Ukumbi ulijaa. Wanawake wengi, vitambaa kichwani, waume wachache. Bwana wa koti jeupe akaeleza askari wake, akachora kama alivyonichorea mimi. Watu wakaitikia. Halafu akazima taa za mbele, akawasha mashine ya kuonyesha picha, na Koki akatokea ukutani. Nilimshika Mwaitu mkono nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Aliisikiliza sauti ya mtoto wake mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Huyo ni Koki," akasema. "Ni mimi nilimzaa."

Yule bwana alitabasamu, nadhani hakuelewa. "Makofi kwa mama!"

Watu wakapiga makofi. Mwaitu akangoja yaishe.

"Ni mimi nilimzaa, na ni mimi nilimwosha akiwa amekufa. Kaburi lake liko kwangu. Sasa anasema hapo amepona. Nani anadanganya watu, ni mimi ama ni wewe?"

Yule bwana akashuka haraka, mikono mbele. "Mama, pole sana. Twende tuongee nje."

"Nje?" Mwaitu akapaza sauti, na sikuwahi kumsikia akiipaza. "Nje nilikuwa siku zote nikikupigia simu! Mtoto wangu akilia mgongo, nilikuwa nje. Akikuomba umtoe kwa hiyo picha, alikuwa nje. Leo tunaongea hapa ndani. Zima mtoto wangu!"

Mashine ikazimwa. Hata sijui ni nani aliyeizima.

Si wote waliokuwa upande wetu, nikueleze ukweli. Mwanamke mmoja aliyekonda alisimama akatugeukia akilia. "Mmekuja kutunyang'anya tumaini! Mnataka twende wapi?" Mwaitu akapita katikati ya viti mpaka alipokuwa, akamwekea mkono begani. "Mwanangu, mimi pia nilitaka hilo tumaini. Nililitaka kukushinda. Nenda kwa daktari mwingine akuangalie, umsikie naye. Ukitoka huko bado ukiona huyu ni wa kweli, rudi. Lakini kama ni wa kweli, mbona anakukataza kwenda?"

Mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka Mwingi, aliyekuwa amemleta mkewe, akauinua mkoba wa mkewe, wakatoka. Wengine wakawafuata. Wengine walibaki, na chai yao. Yule aliyekonda alitoka na sisi. Alitibiwa, mpaka leo hutupigia simu.

Tulipeleka malalamiko kwa wakubwa wa afya. Wakaja, wakakuta nyumba imefungwa, kibao kimeng'olewa. Nimesikia wamefungua kwingine kwa jina jingine. Na hiyo video uliyonitumia, mwanangu, huyo mwenye kitenge cha manjano kwenye sehemu ya mwisho, ndiye Koki.

Basi jibu langu ndilo hili. Usiidharau ile elimu. Kuna watu waaminifu wanakesha juu yake, na huenda watoto wako watatibiwa titi kwa chembe za damu yao wenyewe, Mungu akipenda. Ninaowachukia ni wale wanaoiba matunda yasiyoiva kwenye shamba la wengine na kuwauzia wagonjwa. Mtu akikuambia ana tiba, muulize wazi: imeshathibitishwa au bado inajaribiwa? Muulize waliopona wako wapi, na wamepona tangu lini. Muulize hatari zake, na asiye na hatari ya kukutajia mwogope. Akikukataza kumwona daktari mwingine, chukua mkoba wako utoke, hata kama chai bado iko moto. Ukigusa uvimbe, hata usiouma, nenda kesho yake. Ukiogopa kemo, sema unaogopa, usiifiche hofu yako ikaja kununuliwa na mjanja. Na wewe, kwa kuwa unasomea uuguzi, siku utakapokuwa mbele ya mwanamke aliyepewa habari kama yangu, keti. Foleni iwe ndefu namna gani, keti, umjibu. Ukimwacha na swali lake, kuna mtu nje anamngoja na majibu matamu.

Mungu akupe mwili wenye afya na masikio makali. Akupe ulimi usioogopa kuuliza mbele ya watu wa makoti. Mikono yako iwe mizito kwa mwongo na myepesi kwa mgonjwa, na kila utakayemhudumia aende nyumbani kwa miguu yake. Uzeeke, mwanangu. Uzeeke kabisa, uwasumbue wajukuu wako kwa maneno mengi kama mimi.